Likizo ya Uyoga

Basi la Nzega liliingia stendi likiwa limetapakaa tope mpaka madirishani, na wa kwanza kushuka hakuwa mwanangu. Alishuka dada yangu mkubwa. Alisimama kwenye ngazi, mkoba ameukumbatia kifuani, akanitafuta katikati ya watu, na aliponiona hakutabasamu. Aliniangalia macho kwanza. Namjua dada yangu. Alikuwa anatafuta ule mng'ao ambao anasema huwa ninao ninapoanza kuugua. Alipoukosa ndipo akageuka kumshika mtoto mkono ateremke.

"Shikamoo dada," nilimwambia.

"Marahaba. Umekunywa dawa?"

"Nimekunywa."

"Za asubuhi zote?"

"Zote, dada. Karibuni nyumbani."

Binti yangu alisimama nyuma yake, begi la shule mgongoni, miguu mirefu kuliko ilivyokuwa mwezi wa sita. Ana miaka tisa. "Shikamoo Mama Tabora," alisema. Dada yangu anamwita Mama, na mimi ananiita Mama Tabora, kama watu wanavyoliita basi kwa mji linakokwenda. Nilitaka kumbeba nimzungushe pale pale stendi, niwapigie kelele wapiga debe wote waje wamwone. Nikamshika bega tu nikasema marahaba mwanangu, pole na safari. Nimejifunza kufurahi kwa kipimo. Nikicheka kwa sauti dada huacha anachokifanya, na nikinyamaza sana huacha vile vile. Kati ya kucheka na kunyamaza pana nafasi nyembamba, na humo ndimo ninamotakiwa kukaa wiki nzima.

Ugonjwa wangu una jina refu ambalo daktari aliliandika kwenye kadi yangu ya kliniki. Mtaani kwetu Ng'ambo una jina fupi: uchizi. Kuna vipindi usingizi unanikimbia na kichwa kinajaa mipango, nazungumza mpaka sauti inakauka. Kuna vipindi vingine siwezi kunyanyuka kitandani hata kwa kuitwa na mtu ninayempenda. Nikinywa dawa, siku nyingi ziko katikati, siku za kawaida kama za mtu yeyote mwenye mafua na madeni ya dukani. Siku hizo hakuna anayeziona. Watu wanakumbuka zile nyingine.

Wanaikumbuka hasa Tura. Mwanangu alipokuwa na miaka mitatu niliugua sana, nikapanda naye treni kuelekea mashariki bila tiketi na bila maji, nikashuka naye Tura, kijiji chenye stesheni ambako hatuna ndugu hata mmoja. Nasikia niliwaambia watu wa stesheni kwamba nimekuja kumpokea mama yangu. Mama alikuwa amekufa mwaka uliotangulia. Dada alifika na shemeji, wakanikuta nimekaa relini nikiongea, na mtoto amelala kwa mama mmoja wa kijiji aliyekuwa amemnywesha uji. Hayo yote nayajua kwa kusimuliwa. Mimi Tura siikumbuki hata kidogo. Dada anaikumbuka yote, na kila anaponiangalia machoni anaiona.

Tangu hapo mtoto anaishi Nzega kwa dada. Hakuna mahakama iliyosema, hakuna ofisa ustawi wa jamii aliyekuja. Ilikuwa tu hivyo, na mimi wakati ule sikuwa na uwezo wa kusema lolote. Dada amemlisha, amemsomesha, amemuuguza malaria na surua. Namshukuru. Namshukuru kila simu, kila ujumbe, kila anapokuja, na ukweli ni kwamba kushukuru nako kunachosha mtu.

Masharti ya likizo ni kwamba mtoto hakai nami bila dada kuwepo. Kwa hiyo dada naye huja, anaiacha biashara yake ya pembejeo kwa shemeji, analala chumba kimoja na mtoto katika nyumba aliyotuachia mama, na mimi nalala chumba cha pili kama mgeni. Usiku hufunga mlango kwa komeo. Nimewahi kumuuliza kwa nini anafunga komeo ndani ya nyumba yetu wenyewe. Alisema ni mazoea ya Nzega, kule kuna wezi.

Siku ya pili mtoto alikuja na chanuo na mafuta, akakaa chini katikati ya magoti yangu. "Mama Tabora, nisuke. Mama anasema zamani ulikuwa unasuka watu wote mtaa huu."

Ni kweli. Nilikuwa msusi, wanawake walikuwa wanatoka mpaka Isevya kunifuata mimi. Lakini moja ya dawa ninazokunywa inanitetemesha vidole, na kusuka ni vidole. Niligawa nywele mstari wa kwanza, ukaenda upande. Nikaufumua, nikagawa tena. Mtoto alikaa kimya, shingo imenyooka, ananivumilia. Nilipofika mstari wa tatu kichwa chake kilikuwa kama shamba lililolimwa na ng'ombe wasiofundishwa.

"Sio mbaya," alisema, akiwa ameshika kioo.

Dada alikuja kutoka jikoni, akakaa kwenye kigoda nyuma yake, akaanza kufumua. Hakuwa na nia mbaya. Alitaka tu mtoto asichekwe kanisani. Nilinyanyuka nikaenda uani kutwanga karanga, maana siku hizi naishi kwa kuuza karanga za kusaga, na mchi hauhitaji vidole visivyotetemeka. Nilizitwanga mpaka zikatoa mafuta.

Jioni ndizo zinazoniuma zaidi. Mtoto anachangamka jua likizama. Ndipo anapokumbuka hadithi za shule, nani alichapwa, nani alihamia, mwalimu gani ana mimba. Mimi nikimeza dawa za jioni, nusu saa baadaye ulimi unakuwa mzito na macho yanafunga yenyewe. Namwona mdomo wake unakwenda na sisikii tena. Kwa daktari niliomba tubadilishe muda, akasema dawa hizo ndizo zinanilaza na kulala ndiko kunakonilinda. Nimemwelewa. Lakini kuelewa hakujanirudishia jioni hata moja. Ninaye mtoto wiki moja, na kila siku ya wiki hiyo robo yake nailala.

Basi nilikuwa nazishika asubuhi kwa meno. Niliamka kabla yao nikachemsha chai ya tangawizi, nikakaanga mihogo, ili mtoto akitoka anikute nimekaa macho, nina nafasi, sina kazi yoyote ila yeye. Na dada naye aliamka mapema, akakaa nasi.

Siku ya tano mvua kubwa ilinyesha usiku kucha, na asubuhi zikaja habari za msiba. Mwanamke mmoja wa kanisani kwetu, aliyekuwa ameimba kwaya na mama, alikuwa amefariki. Dada hakuweza kutokwenda. Alivaa kitenge, akajifunga kilemba, akasimama mlangoni muda mrefu akituangalia.

"Nitarudi alasiri," alisema. "Msitoke. Kukiwa na shida yoyote mwite jirani, nimeshaongea naye."

Kwa hiyo jirani naye alikuwa ameshaambiwa. Alikuwa anafua upande wa pili wa ukuta, na nilisikia kufua kunasimama kila tulipozungumza kwa sauti ndogo.

Tulikaa. Tulicheza kete. Jua lilitoka, ardhi ikaanza kutoa mvuke, na harufu ile ya udongo uliolowa ikaingia mpaka chumbani. Mtu aliyelelewa Unyamwezi akiisikia harufu hiyo mwezi wa Disemba hafikiri kitu kingine. Anafikiri uyoga. Mama alikuwa anatuamsha siku kama hizo, mimi na dada, tunakwenda naye msituni kabla wenzetu hawajaumaliza. Alitufundisha sote wawili. Mwanangu, mjukuu wake, hajawahi kwenda hata mara moja.

"Umeshaona uyoga ukiwa bado ardhini?" nilimuuliza.

"Nimeuona sokoni."

"Chukua kikapu."

"Mama alisema tusitoke."

"Nitamwambia mwenyewe. Tutarudi kabla hajarudi."

Aliniangalia. Alikuwa ananipima, mtoto wa miaka tisa, kwa macho yale yale ya dada. Halafu akaenda kuchukua kikapu. Simu yangu niliiacha kwenye chaji, ilikuwa haina moto kabisa. Tulitokea mlango wa uani.

Bajaji ilitufikisha Kwihara, tukaendelea kwa miguu, njia ile ya zamani ambayo misafara ilipita kwenda Ujiji. Mtoto aliijua, walikuwa wamefundishwa darasani. Alinieleza yote njiani kama mwalimu, pembe za ndovu, shanga, watu waliofungwa minyororo. Mimi nimezaliwa hapa na sijawahi kuelezwa vizuri namna ile. Nilimwacha aeleze. Nilitamani njia iwe ndefu.

Msituni mwanzoni hakuona kitu. Macho ya mtu asiyezoea yanaona majani makavu tu. Nilimwonyesha wa kwanza, chini ya mti, wa njano kama kiini cha yai. "Chuchumaa," nilimwambia. "Ukiwa umesimama hutauona." Akachuchumaa, akakaa kimya, na ghafla akapiga kelele. "Huu! Na huu! Mama, umejaa!" Alisema Mama. Hakuongeza Tabora.

Nilimfundisha kama nilivyofundishwa. Wa njano ugeuze, uone mikunjo inayoteremka mpaka kwenye shina, na unuse, una harufu ya tunda. Mweupe mkubwa wa kichuguu, chimba taratibu uufuate mzizi wake mrefu unaoingia ndani kwa mchwa. Mweupe wenye kikombe chini ya shina usiuguse, hata uwe mzuri namna gani.

"Na ukikosea?" aliuliza.

"Usipoujua, unauacha. Hakuna anayelazimishwa kuchuma."

Alifikiri. Alikuwa ameshika mmoja kiganjani. "Mama, una uhakika na huu?"

"Nina uhakika."

Nilijibu haraka, lakini moyoni kitu kiliruka. Niliuchukua nikaugeuza tena, nikaunusa tena. Ndivyo ninavyoishi. Mtu mwingine akijua kitu, anakijua. Mimi nikijua kitu inabidi nijiulize ni mimi ninayejua au ni ugonjwa unaojisifu. Ulikuwa mzuri. Nikauweka kikapuni.

Tulipochoka tulikaa kwenye gogo, tukala mihogo niliyoifunga kwenye mfuko. Ndipo akaniambia, huku akichora ardhini kwa kijiti, kwamba shuleni Nzega kuna msichana alisema mama yake ni chizi.

"Ukamjibu nini?"

"Nikamwambia mama yangu ni mwalimu. Yuko Dar."

"Mwalimu wa nini?"

"Hisabati."

Nilishindwa kujizuia. Mimi, niliyeshindwa hesabu tangu darasa la tatu. Nilicheka, naye akacheka, akaegemea mkono wangu, tukacheka mpaka ndege wakaruka mtini. Kisha nikajisikia ninavyocheka. Nikajiuliza, je, kicheko kimezidi? Ni cha kawaida hiki? Nikakikata. Mtoto aliendelea kidogo peke yake, halafu naye akanyamaza. Nilichukia kuliko siku zote. Dada hakuwepo, jirani hakuwepo, daktari hakuwepo, na bado nilikuwa nimepata wa kunichunga, ndani ya kichwa changu mwenyewe.

"Umekasirika kwa sababu ya Dar?" aliuliza.

"Hapana, mwanangu. Sijakasirika na wewe."

"Naweza kuwaambia ukweli."

"Utawaambia ukitaka. Usipotaka, basi mimi ni mwalimu."

Kikapu kilijaa. Tulikuwa tumelowa tope mpaka magotini, yeye amevaa majani kwenye nywele, na njia nzima ya kurudi alikuwa anataja mapishi. Nilimwahidi uyoga wa karanga, ule wa bibi yake, unaopikwa taratibu mpaka karanga zinaachia mafuta, unaliwa na ugali wa mtama.

Tulichelewa. Hilo nalikubali. Bajaji ilikosekana, tukatembea sehemu kubwa ya njia, na tulipokata kona ya mtaa niliona watu langoni kwetu. Dada alikuwa katikati, kilemba kimefunguka, simu sikioni. Jirani alikuwa pembeni na mikono yenye povu.

Dada alimkimbilia mtoto. Alimpapasa kichwa, mabega, mikono, kama anamhesabu viungo. Halafu akaniangalia.

"Ulikuwa unampeleka wapi?"

"Msituni tu, dada, kuchuma uyoga. Simu ilikuwa kwenye chaji."

"Uyoga."

Akakichukua kikapu mkononi mwa mtoto, akaangalia ndani. Dada anaujua uyoga kama ninavyoujua mimi, pengine zaidi, maana yeye alianza kwenda na mama kabla sijazaliwa. Niliona macho yake yakipita juu ya ule wa njano na ule wa kichuguu, na niliona kwamba anaujua.

"Uangalie vizuri," nilimwambia. "Hakuna mbaya hata mmoja."

"Siangalii uyoga," alisema. "Nakuangalia wewe."

Akaenda mpaka shimo la taka, akaumwaga wote. Mikono yake ilikuwa inatetemeka, na mara hiyo si mimi niliyekuwa natetemeka. Mtoto alisema, "Mama, mimi ndiye niliyeuchuma."

Nilikuwa na maneno. Yalikuwa yamejaa mdomoni kama maji. Nilitaka kumwambia kwamba mtoto huyu nilimzaa mimi, kwamba mkono wa mama yetu uko ndani ya kikapu kile, kwamba hakuna mtu duniani ambaye ningekuwa mwangalifu kwake kuliko huyu. Nilitaka kupiga kelele mpaka bati litikisike. Lakini jirani alikuwa pale, na wale wengine walikuwa pale, wananisubiri. Mtu mwingine akikasirika, watu wanasema amekasirika. Mimi nikikasirika wanasema ameanza. Wangeita bajaji, wangenishika mikono, na mwanangu angeona kwa macho yake kile anachosikia shuleni.

"Samahani dada," nilisema.

Nikaenda kunawa miguu.

Jioni dada alinifuata jikoni. Alikuwa ametulia, amelia, nilimwona. "Mdogo wangu," alisema, "hukuwahi kuona nilichokiona kule Tura. Nilikuwa natembea kandokando ya reli natazama chini, nafikiri nitamkuta vipande vipande. Leo nimerudi msibani nimekuta nyumba tupu na simu yako inaita chumbani. Ungekuwa wewe ungefanyaje?"

"Ningeogopa," nilisema. Ni kweli, ningeogopa. "Lakini dada, nisingeumwaga."

Aliniwekea dawa zangu na glasi ya maji mezani, akasimama mpaka nikameza. Halafu akasema wameamua kuondoka kesho badala ya Jumapili. Wameamua, alisema, kana kwamba mtoto naye aliulizwa.

Asubuhi stendi kulikuwa na wanawake wa uyoga. Wakati huo wa mwaka hukosi, wanapanga mafungu kwenye mabeseni kwa ajili ya wasafiri. "Mwangaluka," mmoja alimsalimu dada kwa Kinyamwezi, na dada akamwitikia, akainama, akaanza kuchagua. Wa njano, na mchache wa kichuguu. Alichukua mafungu mawili ya kupeleka Nzega, maana shemeji anaupenda. Alifanya hivyo kama mtu anayefanya kila mwaka, bila kufikiri. Nadhani kweli hakuwa amefikiri.

Mtoto alisimama kati yetu. Aliangalia beseni, akaniangalia mimi, akamwangalia yeye.

"Mama," alisema, "ni ule ule."

Mkono wa dada ulisimama juu ya mfuko. Mwanamke wa uyoga alidhani wanamlalamikia, akasema ni wa leo alfajiri, mbichi kabisa.

"Huyu hii ndiyo kazi yake," dada alisema, hakuniangalia.

"Na mama yangu alijua kila mmoja," mtoto alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo lakini haikukatika. "Alinifundisha. Huu unaunusa. Huu una mzizi."

Nilitakiwa kufurahi. Nimeulizwa na daktari baadaye, akasema je, hukufurahi? Nilifurahi, ndiyo, lakini nilikuwa nimechoka vibaya. Mtu wa kunitetea kwa dada yangu alikuwa mtoto wa miaka tisa, naye alikuwa anapanda basi. Kondakta alikuwa anapiga ubavu wa basi, Nzega, Nzega, Nzega. Dada alilipia mafungu yake, akafunga mfuko. Alinikumbatia kwa mkono mmoja. "Usikae na njaa," alisema. "Na usiache dawa." Mtoto aliniaga kwa kichwa dirishani, nywele zake zimesukwa vizuri na dada, na basi likarudi nyuma, likageuka, likaondoka.

Kesho yake nilirudi msituni peke yangu. Nilikwenda kwa hasira, nikachuma kwa hasira, na nikapita mtaani saa za watu wote kuwa nje, kikapu kiko wazi. Nilipika uani badala ya jikoni ili jirani aone. Karanga zangu mwenyewe, chumvi, nyanya moja. Nilisonga ugali nikala sahani nzima, nikaongeza. Ulikuwa mtamu, na nilikuwa sina wa kumwambia kwamba ni mtamu. Jirani alichungulia juu ya ukuta mara ya kwanza, akachungulia tena nikiosha vyombo, na kabla ya jua kuzama akaja mpaka mlangoni eti kuazima kiberiti. Nilimpa. Nikamwambia kama anataka kuona nimekufa au bado, bado. Alicheka kidogo, akaondoka na kiberiti changu, hajakirudisha mpaka leo.

Siku mbili baadaye dada alinipigia. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeshindwa jambo nyumbani kwake. "Ongea na mtoto wako," alisema. Alisema mtoto wako. Hilo nililisikia vizuri. "Tangu tufike hajagusa ule uyoga. Anasema hali mpaka Mama Tabora ale kwanza."

Simu ikapokewa na pumzi ndogo za haraka. "Shikamoo mama. Ulikwenda tena?"

"Marahaba. Nilikwenda."

"Ukala?"

"Nikala sahani mbili."

"Hukuumwa tumbo?"

"Sikuumwa hata kidogo."

Nilisikia anafunika simu kwa mkono, anamwambia mtu amekula, hajaumwa. Halafu akarudi. "Mimi nilikuwa najua. Ila nilitaka Mama asikie. Mwezi wa sita nikija tutakwenda wawili, eh?"

Ilibidi nimwambie. Mwezi wa sita ni kiangazi, msitu wote umekauka, huwezi kupata uyoga hata wa dawa. Uyoga ni mvua, na likizo ya mvua ni hii iliyokwisha. Itabidi tusubiri mpaka Disemba nyingine, atakuwa na miaka kumi. Nilisikia ananipigia hesabu kwa vidole.

"Ni mbali sana," alisema.

"Ni mbali."

"Kwani mwezi wa sita msituni kuna nini?"

Nilifikiri. "Asali," nilisema. "Mwezi wa sita watu wanarina asali."

"Asali! Mama, tutarina asali!"

Nyuma yake nilisikia kitu kikianguka, sahani au kifuniko, na sauti ya dada yangu ikija mbio kuelekea kwenye simu. "Nyuki? Anataka kukupeleka kwenye nyuki? Lete hiyo simu hapa!"